Najichunguza kila siku lakini sibadiliki, nakosea wapi? Jibu kwa ndugu wa viazi

Kuna ndugu kaniandikia meseji ndefu, naifupisha hapa kwa ruhusa yake. Anasema hivi:

"Shikamoo mchungaji. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo, natoa Njombe napeleka Dar. Ni Mlutheri, naimba kwaya. Mchungaji wetu alihubiri 1 Wakorintho 11:28, kwamba mtu ajihoji kabla ya kula mkate, na tangu siku hiyo sijaenda mezani, sasa ni miezi mitatu. Kila usiku najichunguza, mpaka naandika. Naona kiburi, hasira, mawazo machafu, uvivu wa maombi, kukesha na simu. Nalia kabisa, naomba toba, kesho yake yale yale. Mke wangu anasema nimekuwa mkali zaidi kuliko zamani. Kuna na mambo ya biashara, lumbesa na nini, ila huo ndio mfumo wa soko na wakulima wenyewe wanakubali. Swali langu, nijichunguzeje mpaka nibadilike? Na je nirudi mezani, au hata kwaya niache?"

Marahaba ndugu yangu. Kwanza pole, maana miezi mitatu ya kulia usiku sio mchezo, na mtu anayelia hivyo hamtanii Mungu. Ila ntakujibu moja kwa moja kwa sababu umeuliza moja kwa moja.

Nimeisoma meseji yako yote zaidi ya mara moja, na kilichonishangaza sio dhambi ulizotaja, ni ukubwa wa nafasi uliyoipa kila moja. Kiburi kina aya nzima. Simu ina aya nzima, mpaka saa unayolala umeniandikia. Lumbesa, yaani lile gunia linalojazwa kupita kiasi, imepata nusu sentensi na hapo hapo umeshaitetea, soko, mfumo, wakulima wanakubali, basi imeisha. Sasa mi najiuliza, kwa nini mtu anayejihoji kwa ukali namna hii kuhusu mawazo yake ya saa sita usiku, akifika kwenye kazi anayoifanya mchana kutwa anakuwa wakili wa utetezi?

Nadhani tatizo lako liko hapo. Umechunguza moyo, daftari la mauzo hujalifungua. Na moyo ukiuchunguza peke yake hauna mwisho, maana utaonyesha kila kitu isipokuwa kile ambacho kukiacha kutakugharimu hela. Yeremia 17:9 anasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, na sisi tunausoma huo mstari kama unahusu wapagani, kumbe hata toba yetu moyo unaweza kuipanga yenyewe, unakupa dhambi za kulilia ili zile za kurekebisha zipite.

Hebu turudi kwenye huo mstari uliokutoa mezani. Wengi wanausoma peke yake, 11:28, kana kwamba Paulo alikuwa anaongea na mtu mmoja chumbani kwake usiku. Rudi nyuma mpaka 11:20. Korintho pale walikuwa wanakutana kula Chakula cha Bwana, wenye nacho wanawahi wanakula vyao, wasio na kitu wanafika wamechoka wanakuta hamna kitu. Paulo anasema huyu ana njaa na huyu amelewa, anawauliza mnawatahayarisha wasio na kitu? Hiyo ndo kesi iliyokuwa mezani. Kwa hiyo anaposema mtu ajihoji, swali la kwanza sio nina mawazo gani kichwani, swali ni hapa ninapokula nimemwacha nani na njaa? Na tiba anayotoa kwenye mstari wa 33 ni ya kawaida mpaka unaweza kucheka, anasema mngojaneni. Hajasema lieni, hajasema fungeni siku saba.

Sasa tuingie kwenye viazi.

Wasomaji wengine huenda hawajui, lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni alafu juu yake kinaongezwa kichuguu kingine, kinazungushiwa wavu wa kamba na kushonewa. Nimewahi kusimama shambani nikaangalia wanavyopakia. Kijana wa kazi haongezi ovyo, anachagua viazi vikubwa anavipanga kuzunguka mdomo wa gunia kimoja kimoja, anapandisha ukuta, anajaza katikati, anapandisha tena, mwenzake anakaza kamba kwa goti, na mama mwenye shamba amesimama pembeni na kitenge chake anaangalia tu. Gunia likifungwa linaandikwa moja. Linalipwa moja.

We mwenyewe unajua hesabu kuliko mimi. Tuseme umekubaliana bei ya gunia la kilo mia, likipakiwa linafika kilo 130, na lori lako linabeba magunia 40. Hizo ni kilo 1,200 ambazo zimepanda gari bila kulipiwa, magunia 12 ya wakulima, kwa safari moja. Alafu ukifika Dar ile habari ya "gunia ni gunia" inakufa ghafla, viazi vinafunguliwa vinapimwa upya, vinaenda kwa kilo au kwa sado (kile kindoo cha kupimia), na hakuna mama wa chipsi atakayekubaliwa aongeze kichuguu juu ya sado yake aondoke.

Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza jambo hilo hilo, usiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Na Amosi 8 anawaongelea wafanyabiashara ambao, sikiliza vizuri, siku ya sabato wanaitunza! Hawafungui duka. Wanakaa kwenye ibada wakihesabu itaisha lini ili wakapunguze efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha. Sijui kama kuna picha ya mwanakwaya mfanyabiashara iliyo karibu zaidi na sisi kuliko hiyo.

Najua utaniambia, mchungaji we hujui soko. Nisipobeba lumbesa mwenzangu atabeba, atauza bei ya chini Dar, mimi nitafunga biashara. Hoja hiyo siidharau, ina uzito, na viongozi wengi wa dini wanaipuuza kwa sababu mshahara wao hautegemei gunia. Pia kuna wanaosema bei ya lumbesa tayari imezingatia huo ujazo, kwamba mkulima anajua na amepandisha bei kidogo. Sawa. Kama ni kweli, basi ukileta mzani hupotezi chochote, si ndiyo? Utalipa hela ile ile kwa kilo zile zile, tofauti ni kwamba kila mtu ameona. Kama moyo umeshtuka niliposema mzani, basi unajua tayari kwamba bei haijazingatia.

Na hili la "wakulima wanakubali" naomba nilikatae kabisa. Mama kashachimba viazi, viko juani, vikikaa vinaanza kuota na kuwa vya kijani, barabara ya kutoka kule mvua ikinyesha haipitiki, mtoto kafukuzwa shule, na gari lililofika ni lako peke yake. Hapo akisema "sawa baba pakieni" unasema amekubali? Sheria yenyewe haioni hivyo, Sheria ya Vipimo Sura ya 340 ipo na Wakala wa Vipimo kila msimu wanasema mazao yapimwe kwa mzani na kifungashio kisizidi kilo 100. Yaani hapa hata sikuitii kwenye utakatifu wa juu sana, nakuita kwenye kile ambacho serikali inakitaka kwa mpagani na Mkristo sawasawa.

Haya, umeuliza ujichunguzeje. Kitu unachohitaji umeshafundishwa ukiwa kipaimara ukakisahau, kama sote. Kwenye Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya 1529, kuna sehemu ya maungamo, pale anapojibu swali ni dhambi zipi tuungame. Hasemi ingia ndani ya nafsi yako utafute. Anasema itazame nafasi yako kwa kufuata Amri Kumi, je wewe ni baba, mama, mwana, binti, bwana, mtumishi? Umekuwa mtu asiyetii, asiye mwaminifu, mvivu? Umekuwa mkali, mgomvi? Umemuumiza mtu kwa neno au tendo? Umeiba, umepuuza kazi, umeharibu kitu? Basi. Ni maswali ya mtu mwenye kazi na familia, yana majibu ya ndiyo au hapana, na mengi yana shahidi.

Kinachonigusa ni kwamba aliyeandika hayo ndiye aliyewahi kuteseka kama wewe. Luther aliingia utawa 1505, na kwenye kitubio alikuwa anakaa masaa akichambua kila wazo, mpaka mlezi wake Staupitz akachoka naye. Baadaye mtu huyo huyo anawaandikia wakulima na mafundi maungamo ya kurasa chache, na baada ya kutoa mifano anaongeza kwamba mtu asijitese kutafuta wala kubuni dhambi nyingine. Ukurasa wako wa kila usiku ndugu yangu unafanana na ule wa Luther wa utawani. Nakuomba uhamie kwenye ule wa katekisimo.

Kwa hali yako maswali yatakuwa kama haya. Kama mnunuzi: safari hii nimebeba kilo ambazo sijalipa, za nani? Kama tajiri wa gari: dereva na utingo nimewalipa lini, na siku lori lilipokwama walikula nini? Wapakiaji je? Kama mume: hapa usijijibu mwenyewe, mkeo ameshakujibu, amesema umekuwa mkali zaidi tangu uanze kujichunguza. Hilo tu lingetosha kukuonyesha kwamba huo uchunguzi unakosea njia. Mtu anayekesha akijihukumu, asubuhi mara nyingi anaamka anahukumu wengine, watoto ndo wanakuwa wa kwanza.

Na usijihoji peke yako. Daudi kwenye Zaburi 139 hasemi nimejichunguza nikaona niko hivi, anasema "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu", anaomba mwingine aangalie. Mungu ana namna nyingi za kutuangalia, moja ni macho ya watu tunaoshughulika nao. Muulize dereva wako, mtu ambaye hana cha kupoteza akikwambia ukweli (mhakikishie hilo kwanza, la sivyo atakusifia tu), watu wa Njombe wanatuonaje? Jibu lake lina thamani kuliko mwezi mzima wa daftari lako la usiku.

Wazee wetu wa uamsho walilielewa hili. Ule uamsho ulioanza Rwanda na Uganda, Gahini huko miaka ya 1930, watu kama Simeoni Nsibambi, Blasio Kigozi na daktari Joe Church, ukavuka ukaingia Kagera mpaka Kenya. Watu wanakumbuka kuimba na kulia. Ila majirani wasioamini walishtushwa zaidi na kitu kingine, watu walikuwa wanarudisha vitu. Mtu anakuja na alichokiiba kwa tajiri wake, anasema nilikichukua mwaka fulani, hiki hapa. Baadaye kwenye vikundi vingine ushuhuda ukageuka kuwa maonyesho, mtu anaungama kila wiki kwa ufasaha na hakuna anayemuuliza umerudisha? Ugonjwa huo tunao mpaka leo, kwenye mikesha na kwenye magrupu ya WhatsApp ya maombi, tunaungama hasira na "udhaifu wa mwili", mtu anayeungama mzani sijawahi kumsikia.

Tazama pia Luka 3, watu wanamwendea Yohana Mbatizaji wanauliza tufanye nini basi? Watoza ushuru anawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu, wasisingizie watu, watosheke na mshahara. Hakumwambia hata mmoja aache kazi, na hakumwambia hata mmoja kitu cha jumla. Watoza ushuru na askari, kila mmoja alipewa jibu la kwenye kazi yake. Angekuona we na lori lako, sidhani kama angekuuliza habari za simu kwanza.

Sasa la kufanya, na hapa nakwenda polepole kwa sababu najua ni gumu. Safari ijayo nunua mzani wa kuning'iniza, ile saizi inayobeba gunia. Fika kijijini, sema mbele ya watu, nanunua kwa kilo, bei ni hii. Inawezekana bei yako ya kilo isiwe kubwa sana, na hilo mi sikulaumu, bei ni mapatano na we nawe una mafuta ya gari, ushuru na hasara ya viazi vinavyooza njiani. Dhambi ya lumbesa haiko kwenye bei ndogo. Iko kwenye kilo zinazofichwa. Ukilipa kidogo kwa wazi mkulima anaweza kukataa akasubiri gari jingine, ukimficha hawezi. Faida itapungua, sikudanganyi, msimu wa kwanza unaweza hata kuumia. Mithali 11:1 inasema vipimo vilivyo sawasawa humpendeza Bwana, haijasema vinalipa haraka. Wahubiri wanaoahidi kwamba ukiwa mwaminifu mwezi huu utanunua lori la pili mwezi ujao, hao waache waende zao. Ila wakulima wanaongea, na anayepima kwa haki huwa anawekewa mzigo, hilo utaliona mwenyewe au hutaliona.

Kuhusu ya nyuma. Hapa watu wengi wanakimbilia kanisani na bahasha nono. Usifanye hivyo kwanza. Hesabu 5:7 inasema anayerudisha arudishe kile kile na kuongeza sehemu ya tano, ampe aliyemkosea. Mstari wa 8 ndo unasema kama mtu huyo hana jamaa wa kurudishiwa, hapo sasa iende kwa Bwana kupitia kuhani. Kwa hiyo kuhani yuko wa mwisho kwenye foleni, na nasema hivi nikiwa mchungaji. Zakayo alisema mara nne, ila alijitolea mwenyewe, Yesu hakumtajia kiwango. We una daftari la manunuzi lenye majina na namba za simu, maana najua unawatumia hela kwa simu. Chukua msimu uliopita tu, chagua wale uliowanunulia mara nyingi, piga hesabu ya wazi, wapelekee. Utakapomwambia mama wa watu "mama, zile gunia za mwezi wa sita zilizidi, hii ni haki yako", jiandae, wengine watadhani unagombea udiwani. Huwezi kuwalipa wote, wengine huwajui hata majina, na hao ndo uwaweke kwenye fungu la maskini wa kule kule Njombe, sio la ukumbi wa kanisa Dar.

Ukali kwa mkeo hausubiri msimu. Hilo ni leo jioni, na usimpe maelezo marefu, muombe msamaha alafu yale maandishi ya usiku yaache ulale.

Ukitaka namna ya kuendelea kila wiki, kuna kitu nitakuazima kutoka kwa Wakatoliki, Ignasio wa Loyola, kile kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichopata kibali cha Papa 1548. Ana mambo mawili mazuri. Uchunguzi wake unaanza na kushukuru kabla ya kutafuta kosa, na anashauri uchague kosa moja tu ulifuatilie, unachora mistari kwenye karatasi unaweka alama kila ulipoanguka, ulinganishe siku na siku, wiki na wiki. Moja tu! We umeshika matano kwa mpigo ndo maana hakuna linalosogea. Chagua mzani. Kiburi na simu vitajitokeza vyenyewe humo humo, maana siku utakayosimama na mzani huku madalali wanakucheka, kiburi chako utakiona vizuri kuliko usiku wowote chumbani.

Mezani rudi. Paulo anasema mtu ajihoji "na hivyo aule mkate", aule, sio asusie. Na katekisimo hiyo hiyo inasema anayestahili ni yule anayeyaamini maneno haya, kwamba imetolewa na kumwagwa kwa ajili yenu. Usingoje mpaka umalize kulipa, utazeeka. Ila usiende pia ukiwa umepanga kwamba Jumatatu unapakia lumbesa kama kawaida, hapo utakuwa unacheza. Kabla ya Jumapili nenda kwa mchungaji wako ofisini, mwambie mambo ya viazi kwa namba, kilo ngapi, bei gani, uombe maungamo ya faragha na tangazo la msamaha, liturgia yetu inayo ingawa wengi wanadhani ni ya Wakatoliki peke yao. Nina hakika atashangaa kusikia kilo.

Kwaya usiache. Labda tu msimu wa viazi waambie mapema mazoezi ya Alhamisi huwezi, maana kupima kwa mzani kunachelewesha kupakia.